Namba Huzaliwa Wapi? Bamba la Silika, Spektromita ya Masi na Sumukuvu ya Mahindi Lamu

Mada hii inatetea jambo moja: Kaunti ya Lamu inaweza kupata kipimo cha kuaminika cha sumukuvu katika mahindi yake bila kumiliki spektromita ya masi, mradi ianze na kromatografia ya tabaka jembamba na iamue mapema namba itazaliwa wapi. Wengi hudhani huzaliwa ndani ya mashine. Kwa hoja nitakayoitoa, huzaliwa kabla unga haujatiwa hata tone la methanoli, na mashine huja kuisoma tu. Haja yenyewe haihitaji kupigiwa debe. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 walioorodheshwa, wengi wao Makueni na Kitui. Leo kiwango cha juu nchini Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, ndizo sumukuvu ninazozizungumzia, na 5 kwa ile ya B1, iliyo kali kuliko zote. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa sharti la cheti, biashara nzima ilining'inia kwenye hiyo 10. Gunia linalovushwa kutoka Mokowe kwenda Faza au Kizingitini huliwa na watu wenye maini yale yale, na hewa nyevu ya visiwani haina huruma kwa nafaka iliyoanikwa nusunusu.

Bamba la silika, ambalo ndilo tabaka jembamba la kromatografia hiyo, lina sifa moja kubwa hapa: aflatoksini hung'aa zenyewe chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365, za kundi B kwa buluu na za kundi G kwa kijani. Tufanye hesabu. Gramu 10 za unga wenye mikrogramu 5 za B1 kwa kilo zina nanogramu 50. Dondoo lake likisafishwa, likapunguzwa hadi mikrolita 100, kisha mikrolita 20 zikadondoshwa kwenye bamba, doa litakuwa na nanogramu 10. Hata nusu ikipotea njiani, jicho lililozoea, ambalo huona doa la nanogramu moja hivi, halitalikosa. Kwa hiyo bamba linaweza kuachilia magunia safi papo hapo Lamu. Udhaifu wake ni kwamba mahindi yana vitu vingine vinavyong'aa buluu, na kukadiria kiasi kwa kulinganisha mng'ao huacha shaka kubwa karibu na mpaka wa kiwango, mahali penyewe panapogombewa.

Hapo ndipo spektromita inapoingia. Molekuli ya B1 ina kaboni 17. Ikibeba protoni moja husomeka 313. Ile yenye alama, yaani iliyoundwa kwa kaboni 13 tupu, husomeka 330. Hizi mbili hupanda bamba pamoja, hukwanguliwa pamoja na kupotea pamoja. Tia nanogramu 125 za hiyo yenye alama katika gramu 25 za unga kabla ya kukamua, kisha tuma silika iliyokwanguliwa Mombasa au Nairobi. Ishara mbili zikilingana, unga una mikrogramu 5 kwa kilo. Robo ya doa ikibaki kwenye kioo, uwiano haubadiliki. Uchafu wa silika ukizima ioni, huzizima zote kwa kadiri ile ile. (Kuna kifaa kinachobanwa juu ya doa na kulisuuza moja kwa moja hadi ndani ya mashine. Ni kizuri, lakini huwataka mwenye bamba na mwenye mashine wawe chumba kimoja.) Mtego ni huu: yenye alama nayo hung'aa. Ukiitia tangu mwanzo, kila sampuli itaonekana chafu. Basi unga ugawanywe mara mbili: fungu la jicho lisitiwe kitu, na fungu la pili likamuliwe kwa alama pale tu doa linapotia shaka.

Patakuwa na wa kuuliza kwa nini unga usitumwe wote moja kwa moja kwenye kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na mashine hiyo hiyo. Kwa usahihi wa kipimo kimoja, njia hiyo ni bora na sibishani nayo. Lakini mashine ghali ikipangiwa sampuli nyingi zisizo na kitu, foleni hurefuka na gunia huliwa kabla ya jibu. Wengine watapendekeza vijiti vya kingamwili. Hivyo ni vyepesi na vina kazi yake gatini, ila havimwachii mkemia doa la kwenda kulihakiki. Hoja ya mwanga ni nzito zaidi: aflatoksini juu ya silika huharibiwa na taa ile ile inayoidhihirisha. Uwiano utalindwa, lakini ishara itafifia, hivyo doa lizungushiwe penseli upesi, likwanguliwe, litiwe kwenye kichupa cheusi.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote halihusu bamba wala mashine. Sumukuvu haisambai sawasawa; punje chache huweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na kosa la kuchota sampuli kwa kawaida hupita kosa la kipimo chenyewe. Kaboni 13 haiwezi kurekebisha konzi moja iliyochotwa mdomoni mwa gunia. Ninalikubali pingamizi hili lote, na ndiyo sababu katika bajeti ya maabara ya kaunti ningetanguliza bambo refu la kuchotea na kinu cha kusaga kilo kadhaa kwa pamoja, kisha taa, kisha mabamba.