Maji ya Kijani Si Lazima Yawe Machafu: Utunzaji wa Bwawa la Samaki la Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya kamati za parokia)



Tumeombwa tuzungumzie bwawa dogo la samaki, lile ambalo familia huchimba nyuma ya nyumba, kando ya bustani ya mboga. Kulichimba ni kazi ya siku chache, lakini kulitunza ni kazi ya kila siku, na hapo ndipo miradi mingi hukwama. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kati ya majimbo 140. Baada ya miaka michache mengi yalikuwa yametelekezwa.

Bwawa lililotelekezwa lina madhara. Utafiti uliofanyika Kisii, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba sato waliporudishwa katika mabwawa yaliyoachwa, viluwiluwi vya mbu waenezao malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika wiki 15. Kwa hiyo bwawa lenye samaki hulinda nyumba, na bwawa lisilo na samaki huzalisha mbu karibu na vitanda vya watoto wetu.

Rangi ya maji

Wengi hudhani maji mazuri ni yale meupe kama ya kisima. Kwa bwawa la perege au sato, sivyo. Rangi ya kijani hafifu hutokana na mwani, viumbe vidogo sana vinavyofanana na mimea ambavyo ni chakula cha samaki, na mchana huongeza hewa ya oksijeni ndani ya maji. Maji meupe kabisa maana yake samaki hawana chakula cha asili. Maji ya kahawia maana yake udongo unaingia: panda nyasi kwenye kingo, na chimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasitiririkie bwawani.

Kipimo ni mkono wako mwenyewe. Uingize polepole hadi kwenye kiwiko. Vidole vikianza kupotea maji yanapofika kwenye kiwiko, hali ni nzuri. Vikipotea mapema zaidi, kijani kimezidi: acha kuweka samadi. Vikionekana wazi kabisa, ongeza samadi kidogo.

Hatari ya alfajiri

Usiku mwani hautengenezi hewa, bali nao huitumia pamoja na samaki. Ndiyo maana hewa hupungua kuliko wakati wote karibu na mapambazuko. Mfugaji akiona samaki wamepanda juu wanatweta alfajiri, asingoje. Asitishe chakula na samadi siku hiyo, aingize maji mapya kwa kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa, na ayatoe ya chini yaliyochakaa. Akichelewa, anaweza kupoteza samaki wote kwa usiku mmoja.

Chanzo chake mara nyingi ni ukarimu uliozidi. Chakula kisicholiwa huzama, huoza, na kula hewa ya samaki. Walishe mara mbili kwa siku, asubuhi jua likishapanda na alasiri, kiasi wanachomaliza kwa dakika 10 hadi 15. Idadi nayo izingatiwe: samaki 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 10 linatosha samaki 200 hadi 300. Perege huzaana haraka, hivyo wadogo wavuliwe mara kwa mara kwa kitoweo.

Kingo na usalama

Mbu wa malaria hupenda maji ya kina kifupi yenye jua na majani. Kingo ziwe na kina cha angalau nusu mita, na majani yaliyoingia majini yang'olewe kila wiki. Magugu maji yasipandwe kama pambo. Yakishafunika maji, jua halipiti. Baada ya mavuno, bwawa likaushwe, tope jeusi litolewe na kupelekwa bustanini, kisha chokaa ya kilimo inyunyizwe, kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba.

La mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote: uzio. Mtoto mdogo huzama kimya kimya katika maji ya kufika magotini. Hakuna bwawa lipandikizwe vifaranga kabla ya kuzungushiwa uzio wenye mlango unaofungwa.

Ombi letu

Kwa kamati: kila bwawa liwe na mtu mmoja anayejulikana, ambaye huliangalia kila alfajiri na kuandika rangi ya maji katika daftari. Kwa wafadhili: msituulize tu ni mabwawa mangapi yamechimbwa, bali ni mangapi yana samaki mwaka wa tatu. Fungu dogo la uzio, chokaa na ziara za ufuatiliaji lina faida kuliko bwawa jingine jipya.