Mzigo Ambao Hatukuupima



Jumamosi moja tulikusanyika katika chumba cha mabati huko Kibera, kumsaidia binti wa kanisa letu kufunga sanduku. Alikuwa akienda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Sanduku lilikuwa la mtumba, la soko la Toi. Mama yake alitia Biblia, jirani akatia sweta, na shangazi yake alifika kutoka Kawangware na kilo nne za unga wa ugali. Tulipolipima kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, lilikuwa kilo 27, na tiketi iliruhusu 23. Tukautoa unga. Shangazi alinung'unika, tukacheka, tukaomba.

Lakini kulikuwa na mzigo mwingine ambao hatukuupima. Mjomba alimwambia asisahau karo ya wadogo zake. Mwingine akamkumbusha nyumba ya mawe kijijini. Nasi wazee tulitaja paa la kanisa.

Baada ya miezi saba alipiga simu. Mwajiri alikuwa ameshika pasipoti yake, na mshahara wa miezi mitatu haujalipwa. Katika nchi za Ghuba, utaratibu uitwao kafala umekuwa ukimfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Saudia iliulegeza mwaka 2021, lakini watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Tulimwuliza, "Mbona ulinyamaza, binti yetu?" Akajibu, "Ningewaambia nini, nanyi mlinisindikiza kwa nyimbo?"

Ndugu, jibu hilo lilituchoma.

Fungueni 2 Timotheo sura ya 4. Paulo yumo gerezani. Anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, tena aje kabla ya majira ya baridi. Mtume mkuu hakuona haya kusema kwamba anasikia baridi na kwamba wengi wamemwacha. Aliweza kusema hivyo kwa sababu alijua anamwandikia nani. Je, watoto wetu wanaweza kutuandikia barua kama hiyo?

Siku hizi, tukifunga sanduku la msafiri, nakala ya pasipoti na ya mkataba hubaki nyumbani, naye huandikiwa nambari ya simu ya ubalozi wetu mjini Riyadh. Kisha mzee mmoja humwambia mbele ya watu wote: "Ukishindwa, mwanangu, rudi. Hata ukija mikono mitupu, wewe ni wetu." Neno hilo haliongezi hata gramu moja katika mizani.

Binti yetu alirudi mwaka uliofuata, bila sanduku. Tulimpokea uwanjani Embakasi. Hakuna aliyemwuliza ameleta nini. Shangazi alikuwa amekwisha kusonga ugali.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe mizigo tuliyowatwika watoto wetu. Uwalinde walio mbali, utufanye watu wa kurudiwa. Amina.