Mwenye Macho Haambiwi Tazama
Mazungumzo juu ya kuchora, kuchonga na kupiga picha

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za sanaa za macho, yaani kuchora, kuchonga na kupiga picha. Twasema hasa na ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo, na wote wakaao katika vilima vya Buha, wakubwa kwa wadogo. Lakini hata aliye pwani akitusikiliza hatakosa neno la kumfaa.

Tuanze na kisa kidogo. Siku moja tulikuwa sokoni Kasulu, tukamwona bibi mmoja ameketi chini, na mbele yake vikapu vitatu. Karibu naye kijana alikuwa akiuza ndoo za plastiki, na wanunuzi wote walikuwa kwa yule kijana. Tukatwaa kikapu kimoja tukakigeuzageuza. Kilisukwa kwa nyasi laini, na mistari myeusi ilipanda mshazari kutoka kitakoni hadi ukingoni, ikikutana na mingine iliyotoka upande wa pili. Tukamwamkia, kisha tukauliza, "Bibi, nakshi hii ulijifunza wapi?"

Akajibu, "Nilimtazama mama yangu akiisuka, na yeye alimtazama mama yake."

Tukauliza tena, "Na wewe, ni nani akutazamaye?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema, "Leo mmenitazama ninyi, wajukuu zangu."

Kikapu tulikinunua, lakini neno lile lilitufuata njia nzima. Nakshi ile haikuandikwa katika kitabu chochote. Imeishi miaka yote kwa kupita toka jicho moja hata jicho jingine. Siku itakapokosa jicho la kuipokea itakufa, wala hapatakuwa na matanga.

Basi jioni ile tuliketi tukatwaa karatasi na kalamu ya risasi, tukajaribu kukichora kile kikapu. Twakiri mbele yenu kwamba tulishindwa. Ukingo wake tuliuchora mviringo kamili kama mwezi mpevu, na kitako chake tukakichora kama mstari ulionyoka, hata kikawa kitu kisichoweza kusimama mezani. Kwa nini? Kwa sababu tulijua ya kuwa ukingo wa kikapu ni mviringo, tukachora tulichokijua, wala hatukuchora tulichokiona. Mtu aliyeketi mbele ya kikapu hauoni ukingo kama mwezi. Auona umelala, mwembamba kama yai lililobanwa. Na kitako chake nacho kimepinda kidogo. Tulipokubali kuyaamini macho yetu, kikapu kilisimama.

Hili ndilo neno letu kubwa la leo, nanyi wanafunzi mlishike: chora unachokiona, usichore unachodhani unakijua. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, lakini macho nayo hufundishwa kama mkono ufundishwavyo kushika jembe. Fumba jicho moja. Nyosha mkono wako, ushike kijiti wima mbele ya kitu unachotaka kukichora, upime: kimo chake ni mara ngapi ya upana wake? Tazama pia ile nafasi tupu iliyo kati ya mkono wa kikapu na kikapu chenyewe, kwa maana nafasi hiyo nayo ina umbo. Tazama mara kumi, ndipo upige mstari mmoja.

Labda mtu atauliza, "Mstari juu ya karatasi una faida gani? Je, utajaza chungu?" Twamjibu kwa mfano wa hapa hapa Tanzania. Huko Kolo, katika wilaya ya Kondoa, yako majabali ambayo watu wa zamani sana waliyachora kwa rangi, hasa nyekundu: watu warefu wembamba, twiga, tembo, pofu na wanyama wengine. Waliochora hatuyajui majina yao, lakini mistari yao yaonekana mpaka leo. Hata hivyo jua, maji ya mvua na mikono ya watu vilikuwa vikiifuta. Mwaka 1951 Mary Leakey alifika huko pamoja na mumewe, Louis, akakaa miezi akinakili michoro ile mmoja mmoja. Alinakili maumbo yapatayo 1,600, na mwaka 1983 alitoa kitabu chenye michoro hiyo. Mwaka 2006 majabali ya Kondoa yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Basi hata jabali likichakaa zaidi, nakala zipo. Na tufikiri: ikiwa rangi iliyo juu ya mwamba ilihitaji mtu wa kuinakili, nyasi za kikapu je?

Wengine husema, "Sisi tu watu wa shamba, hatuna rangi wala brashi." Neno hili halina nguvu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia rangi inayopakwa baiskeli, na mahali pa kitambaa cha wachoraji alitumia ubao mwembamba wa kujengea dari. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo. Lakini namna yake ya kuchora wanyama na ndege imechukua jina lake, na watu wengi wamepata riziki kwayo. Nasi tunavyo vya kwetu. Mkaa wa jikoni huchora weusi mzuri. Udongo mwekundu wa vilima vyetu, ukitwangwa, ukachekechwa na kutiwa maji, ni rangi. Kijiti kibichi kikitafunwa ncha yake ni brashi.

Wengine tena husema, "Hatuna jambo la kuchora." Hao twawapa habari za Sam Ntiro. Alizaliwa Uchagani mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, ambaye ndiye aliyeanzisha mafundisho ya sanaa huko, kisha akaenda kusoma London. Aliona mambo mengi ya ugenini, lakini alichochora zaidi kilikuwa kwao: migomba, watu wakilima, watu wakienda harusini. Picha yake ya watu wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, aliyoichora mwaka 1956, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York. Watu wa mji ule wa maghorofa waliona faida kutazama migomba ya Kilimanjaro. Je, migomba ya Kasulu ina upungufu gani? Kuna mashamba ya maharagwe yaliyopanda kilimani kama ngazi, kuna ng'ombe wa pembe ndefu, kuna ukungu wa asubuhi bondeni, kuna mtu asukumaye baiskeli yenye mikungu ya ndizi hata mwenyewe haonekani. Yote hayo yangoja mstari.

Sasa tuje kwenye kuchonga, na tuanzie jikoni. Huko Thailand, nchi iliyoitwa zamani Siam, ni ufundi wa siku nyingi kuchonga matunda na mboga yakawa maua na majani ya kupamba meza. Siku hizi wako wapishi katika hoteli za pwani yetu wachongao tikiti na papai kwa namna hiyo. Twajua wazee watanung'unika, "Chakula si kitu cha kuchezea." Wana haki, nasi hatutaki kitu kipotee. Chagua papai gumu lisiloiva sana. Kwa kisu kidogo chenye makali, mkono mwingine ukikaa nyuma ya kisu wala si mbele yake, kata ganda la kijani kwa kina kidogo hata nyama ya ndani ionekane. Hapo una rangi mbili bila kununua rangi. Fanya majani ya ua, ukianza katikati kwenda nje. Vipande vinavyoanguka vikusanye, viingie katika chungu cha mboga. Na ua lenyewe, wageni wakiisha kulitazama, nalo lipikwe. Hakuna kilichopotea, na mgeni amejua ya kuwa alingojewa.

Kwa wanafunzi iko kazi nyepesi zaidi. Kata kiazi kitamu nusu kwa nusu. Katika uso wake mkato chonga nakshi ya kikapu, ukiondoa sehemu zisizotakiwa, nakshi ibaki imeinuka. Ichovye katika rangi yako ya udongo, ukaibandike juu ya karatasi kama mhuri. Utaona ajabu moja: kilichokuwa kulia kimekuwa kushoto. Nalo ni fundisho la kutazama, kwa kuwa yakupasa kufikiri umbo kabla hujalikata.

Tumesema habari za mkaa na za kisu, imebaki kamera. Watu wengi wadhani kamera haina kazi ya jicho, kwamba mtu abonyeza tu na picha yatoka. Lakini sikilizeni habari ya jirani zetu wa ziwani. Mwezi wa Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kuwachunguza sokwe. Wataalamu wa wakati ule walisema ya kuwa ni mwanadamu peke yake atengenezaye zana. Mwaka ule ule Jane alimwona sokwe mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akitia majani marefu katika kichuguu na kuvua mchwa kwayo. Akaona pia sokwe wakipukutisha majani ya kijiti ili kiwe zana ya kazi hiyo. Wataalamu walikuwa wamechora walichokijua. Yeye alisema alichokiona. Na mwaka 1962 mpiga picha Hugo van Lawick alikuja Gombe. Alivumilia mpaka sokwe wakamzoea, akapiga picha na filamu za maisha yao, na dunia nzima ikaona kwa macho yake. Jane Goodall alifariki mwezi wa Oktoba 2025. Picha zile bado zafundisha.

Siku hizi simu ya mkononi ina kamera, na vijana wetu hupiga picha nyingi kuliko alizopiga babu zao maisha yao yote. Lakini ni ngapi zinazotazamwa mara ya pili? Kabla ya kubonyeza, jiulize: ni kitu gani hasa nilichokiona? Kikaribie hicho, uache vingine. Piga asubuhi au jioni, jua likija kwa upande, ili nakshi na mikunjo ionekane. Jua la saa sita hufuta yote.

Tena iko adabu ya kamera. Sisi wa Kasulu na Kibondo tumeishi miaka mingi na wageni waliokimbia vita. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi wengi sana waliingia katika mkoa wetu. Picha za wageni hao zimekwenda mbali duniani. Mtu aliyepoteza nyumba na shamba amebaki na uso wake. Basi usiuchukue bila idhini. Mwamkie kwanza, mweleze nia yako, naye akikataa, mshukuru uende zako. Akikubali, muulize kama apenda jina lake liandikwe. Na ikiwezekana, mrudishie picha yake. Huenda hana nyingine.

Wasikilizaji wetu, hatupendi mazungumzo haya yaishe masikioni tu, kwa hiyo twawapa kazi ya juma hili. Kila mwanafunzi atafute nyumbani au kwa jirani kitu kimoja kilichofanywa kwa mikono ya mzee: kikapu, ungo, mkeka, kibuyu cha maziwa, kigoda, au jembe la mhunzi. Akae mbele yake akichore, kama ilivyo mbele ya macho yake. Mwenye kamera akipige picha pia, kwa maana picha huonyesha rangi, na mchoro huonyesha jinsi mistari ipitavyo. Kimoja humsaidia mwenzake. Chini yake aandike mambo manne: jina la aliyekifanya, kijiji chake, kimefanywa kwa kitu gani, na nakshi yake yaitwaje katika Kiha. Jina hilo likisahauliwa, hakuna kitabu tutakachofungua kulipata tena.

Nanyi walimu, twawaomba msiyahesabu haya kuwa mchezo wa kupotezea saa. Wekeni daftari moja la shule, michoro hiyo ikae humo. Nanyi wazee, mtoto akija kuketi mbele yenu na mkaa na karatasi, msimfukuze. Punguzeni mwendo wa mikono yenu kidogo, aweze kuona.

Sisi wenyewe tumeazimia kurudi Kasulu siku ya soko, tukiwa na mchoro wetu wa kikapu, ule wa pili uliosimama, tumwonyeshe bibi yule. Twajua atauona makosa yake upesi kuliko sisi. Hapo tutamwomba atusahihishe, na asuke polepole mbele yetu, mstari kwa mstari.

Twawaaga hapa. Kwaherini.