FILAMU NAYO NI HABARI, NA HABARI INA HUKUMU ZAKE

(Muhadhara uliotolewa mjini Bunda mbele ya walimu wa madrasa, wazazi na vijana kutoka Musoma, Bunda na Butiama)



Sifa zote njema anazistahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Ambaye hakifichikani Kwake kinachoonekana wala kilichositirika. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani,

Waandalizi wa kikao hiki walitutaka tuzungumze juu ya filamu ambazo vijana wetu wanazitazama, hususan filamu za vita na zile ziitwazo za kumbukumbu ya mambo ya kweli. Hatutarefusha maneno juu ya filamu za uchafu, wala juu ya mtu anayeacha swala ikampita huku akitazama picha. Hukumu ya hayo inafahamika, na mwenye kutaka dalili hazikosi. Tunachokusudia leo ni filamu ambazo hata sisi walimu tunazitazama, tukitoka hapo tunazisimulia, na pengine tunazipandisha juu ya mimbari.

Zamani filamu ilifuatwa kwenye kibanda cha video, kwa kiingilio, na mtarjumani akipaza sauti juu ya maneno ya wahusika. Leo imo ndani ya simu ya kijana wa miaka kumi na mitano, akiitazama peke yake chini ya shuka. Kwa hiyo swali la kama ataona au hataona limekwishapitwa na wakati. Lililobaki ni kama tumempa mizani ya kupimia anachokiona.

Mizani hiyo tunayo tayari, na tunaisomesha kila siku. Wanafunzi wetu wanajifunza kwamba maulamaa wa Hadithi hawakupokea habari kwa uzuri wake. Waliuliza imepokewa kutoka kwa nani, je, alimkuta aliyemsimulia, je, alisikia kwa masikio yake, je, ni mtu mkweli na mwenye kuhifadhi? Allah (s.w.) katika Suratul-Hujuraat, aya ya 6, ametuamrisha tuchunguze habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Filamu nayo ni habari. Ina msimulizi, ina matini, na ina aliyetoa fedha. Ajabu ni kwamba mtu ambaye hapokei Hadithi mpaka aone sanadi yake, anapokea filamu ya saa mbili bila ya kuuliza hata jina la aliyeitengeneza.

FILAMU YA MAPANKI NA KOSA LETU WENYEWE

Tuanze na iliyo karibu na ziwa letu. Mwaka 2004 ilitoka filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotengenezwa na Hubert Sauper, raia wa Austria, na sehemu yake kubwa ilipigwa jijini Mwanza. Hapa kwetu wengi waliita filamu ya mapanki. Inaonyesha sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, jinsi alivyowamaliza samaki wengine, jinsi minofu yake inavyopakiwa katika ndege kubwa kwenda Ulaya, na jinsi mafukara wanavyobakiwa na vichwa na mifupa. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani kwamba imeichafua nchi, na mjadala ukafika Bungeni.

Filamu ile inamwachia mtazamaji dhana nzito, kwamba ndege zinazokuja kuchukua samaki huja na silaha za kuwaulia Waafrika. Sisi tulipoitazama ilituchoma moyo. Ijumaa iliyofuata, mjini Musoma, tulisimama tukawaambia watu kwamba imethibiti: samaki wanakwenda, bunduki zinakuja.

Baada ya swala alitufuata mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha minofu. Alitusalimia kwa adabu, kisha akasema: "Maalimu, shikamoo ya elimu nakupa, lakini nina swali. Hizo silaha, humo ndani ya filamu, umeziona?"

Tulinyamaza. Tulirudi nyumbani, tukaitazama tena tangu mwanzo hadi mwisho. Ndege tuliziona. Masanduku ya minofu tuliyaona. Watoto wa mitaani wakigombania wali, na mama anayeanika mapanki yenye funza, tuliwaona. Ama silaha zikishushwa Mwanza, hatukuziona. Tulichokisikia ni maneno ya wanaohojiwa, akiwemo rubani anayesimulia kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola, kisha akapakia zabibu Johannesburg kwenda Ulaya. Huo ni ushahidi wa jambo moja, mahali pengine. Sisi ndio tuliouchukua kutoka Angola tukaushusha Mwanza.

Wanafunzi wa Mustalah wanaifahamu tadlisi. Mpokezi anasimulia kwa lafudhi inayomfanya msikilizaji adhani kwamba alisikia mwenyewe, ilhali hakusikia, na hakutamka uongo hata mmoja. Picha zikiunganishwa zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Unaonyeshwa ndege, kisha unaonyeshwa mtu anazungumzia vita, na moyo wako unaziba pengo lililoachwa katikati.

Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Mwanahistoria mmoja wa Ufaransa, François Garçon, alipomtuhumu Sauper kwa udanganyifu, mtengenezaji huyo alimshitaki kwa kumvunjia heshima, na mahakama mjini Paris ikampa ushindi mwaka 2008. Na sisi wenyeji wa Mara tusijifanye hatukuyaona mapanki. Tumeyaona Musoma, tumeyanusa, na wapo katika sisi walioyala. Aliyekasirishwa na filamu hiyo akakanusha hata njaa iliyokuwamo, amekosea kama alivyokosea aliyezidisha bunduki. Ijumaa iliyofuata tulipanda tena mimbari, tukasema kwamba tulisimulia tusichokiona. Ulikuwa mzito ulimi siku ile. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila anachokisikia, na sisi tulikuwa tumeingia katika onyo hilo.

DAKTARI AMBAYE HAKUPATA KUWAPO

Filamu ya pili ni The Last King of Scotland ya mwaka 2006, juu ya Idi Amin wa Uganda. Forest Whitaker, aliyeigiza nafasi ya Amin, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007. Vijana wetu wanaitazama na kudhani wamesoma tarekhe ya Uganda. Tuliwauliza darasani: nani anayetusimulia? Wakajibu: yule daktari kijana wa Kizungu aliyekuwa karibu na Amin. Tukawaambia kwamba daktari huyo hakupata kuzaliwa. Ni mtu wa kubuni, ametoka katika riwaya ya Giles Foden iliyochapishwa mwaka 1998.

Dhulma ya Amin ni jambo lililothibiti kwa njia nyingine, wala hatumtetei kwa kuwa jina lake ni la Kiislamu. Lakini mpokezi asiyejulikana habari yake haisimami, sembuse asiyekuwapo kabisa! Anayetaka kuijua Uganda ya miaka ya 1971 hadi 1979 awaulize walioishi humo, na walioingia humo na bunduki mabegani. Wa namna hiyo mkoa wetu umejaaliwa kuwa nao.

SIMBA WA JANGWANI NA MZEE WA BUTIAMA

Hapa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuukubali mwaliko huu.

Filamu ambayo vijana wetu wanaipenda kuliko zote ni Lion of the Desert, ya mwaka 1981, ya Moustapha Akkad, aliyetangulia kutengeneza The Message. Inasimulia habari za Umar al-Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani wa Libya aliyewapinga Wataliana mpaka wakamnyonga tarehe 16 Septemba 1931, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Mwalimu wa madrasa mwenzetu! Nani asiyelia? Italia iliizuia filamu hiyo mwaka 1982, na haikuonyeshwa katika runinga ya huko mpaka mwaka 2009. Akkad mwenyewe alikufa Novemba 2005, yeye na binti yake, kwa mabomu yaliyolipuliwa mahotelini mjini Amman na watu waliodai kuupigania Uislamu. Mazingatio hayo peke yake yanatosha muhadhara.

Jioni moja, Butiama, tuliwaonyesha vijana filamu hiyo. Miongoni mwa watu wazima waliokaa nyuma alikuwamo mzee wetu mmoja, Mwislamu, mwenye kudumu na swala za jamaa, aliyepigana Vita vya Kagera. Filamu ilipokwisha, kijana mmoja akanyanyuka na kusema kwa hamasa kwamba askari wa Libya ndio majemadari wa Uislamu, na kwamba anayepigana nao anapigana na dini. Wenzake wakaleta takbira.

Mzee akasimama polepole kwa mkongojo wake. Akasema: "Wajukuu zangu, mimi nilipigana na Walibya pale Lukaya, mwezi wa tatu mwaka 1979. Walikuja kumsaidia Amin. Niliwaona wamekufa, na wenzangu niliwaona wamekufa. Usiku nilitayamamu nikaswali. Sasa nielezeni, katika filamu yenu mimi niko upande gani?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akachukua kofia yake, akatoka.

Ndugu zetu, jibu lilikuwa ni juu yetu sisi walimu, na tulichelewa kulitoa. Tunalitoa leo. Umar al-Mukhtar alikuwa katika haki dhidi ya wavamizi wa nchi yake. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia ardhi yetu ya Kagera, wakauawa watu na wakaporwa. Mvamiwa alikuwa sisi. Aya ya 9 ya Suratul-Hujuraat haikusema kwamba Mwislamu hawezi kuwa mchokozi. Imeamrisha kusuluhisha makundi mawili ya waumini yanapopigana, na moja likidhulumu lipigwe vita mpaka lirejee kwenye amri ya Allah. Kwa hiyo Mlibya wa 1931 na Mlibya wa 1979 kila mmoja anapimwa kwa kitendo chake. Na tujue pia kwamba gharama za filamu hiyo, takriban dola milioni 35, zilitolewa na serikali ile ile ya Kanali Gaddafi iliyopeleka askari Uganda. Hilo haliifanyi habari ya Umar al-Mukhtar kuwa uongo. Linatufahamisha tu kwa nini ushujaa mmoja umesimuliwa na kosa jingine halikusimuliwa.

Mizani hii isiwe ya upande mmoja. Mkoa huu unajivunia Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita ile na kufariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Ni haki yake kukumbukwa. Lakini picha za ushindi zinazorushwa katika runinga zetu hazitusimulii namna mji wa Masaka ulivyobomolewa kwa kisasi mwaka 1979, wala namna Waislamu wasio na hatia wa upande wa Ankole walivyouawa baada ya Amin kuanguka, kwa kosa la kuitwa watu wake. Suratul-Maidah, aya ya 8, inatukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Mwenye kuishika aya hiyo ataililia Kagera, na Ankole pia ataililia.

SHAHIDI KUTOKA NYUMBA YA PILI

Filamu ya mwisho ni No Other Land, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu za kumbukumbu Machi 2025. Inaonyesha Masafer Yatta, kusini mwa mji wa Al-Khalil huko Palestina, nyumba za wanavijiji zikibomolewa na jeshi la Israel. Hapa sanadi iko wazi. Basel Adra, mmoja wa watengenezaji, ni mwana wa vijiji hivyo, na anayebomolewa ndiye aliyeshika kamera. Baadhi ya vijana waliikataa walipojua kwamba miongoni mwa watengenezaji yumo Muisraeli, Yuval Abraham. Tuliwakumbusha kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Aliyetoa ushahidi wa kumtakasa alikuwa mtu wa jamaa za yule mwanamke aliyemsingizia, na Allah akautaja ushahidi huo katika Kitabu Chake. Haki inapokelewa kutoka kwa aliyeileta.

TUNAYOUSIA

Kwanza, kila madrasa yenye wanafunzi wakubwa iwafundishe kuuliza maswali matatu baada ya filamu yoyote: Nani amesimulia, na kwa fedha za nani? Nini tumekiona, na nini tumekiunga wenyewe? Na nani hayumo, ambaye angekuwamo habari ingebadilika?

Pili, mwalimu asipandishe filamu juu ya mimbari mpaka aitazame mara mbili na kuulizia.

Tatu, wazee waliopigana mwaka 1978 na 1979 wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Tuwaalike wakae na vijana wetu kabla hawajazikwa na waliyoyaona.

Ama sisi, tulikwenda kwa mzee wetu wa Butiama kumtaka radhi. Alitukaribisha uji, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza darasa linaanza saa ngapi. Jumamosi iliyofuata alikuja kabla yetu, akakaa kitako mbele ya vijana, na yule aliyeanzisha takbira ndiye aliyemshikia mkongojo wake.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe uwezo wa kuifuata, ayahifadhi macho yetu na ndimi zetu, na atughufirie tuliyoyasema bila ya ujuzi. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.