Nani Alipie Kuhasiwa kwa Mbwa na Paka?

Swali la jioni ya leo ni dogo kwa sura, lakini limewasumbua madiwani wa nchi nyingi: mamlaka ya mji ikiamua kuhasi mbwa na paka, fedha zitoke wapi? Jibu linalokuja haraka ni kwamba mwenye mbwa alipe, kwa kuwa ndiye amfugaye na ndiye anayelindwa usiku. Mimi nitatetea jibu jingine. Tozo ni njia nzuri ya kugharamia kazi hii, ila isikusanywe mlangoni kwa daktari wa mifugo.

Kumhasi dume ni kazi fupi. Jike ni habari nyingine: apewe nusukaputi, anyolewe tumbo, apasuliwe, ovari na mji wa mimba vitolewe, ashonwe, kisha aangaliwe mpaka azinduke. Hapo kuna dawa, nyuzi, glavu na saa za daktari. Faida ya yote hayo haimfikii mwenye jike peke yake. Watoto wanaozaliwa uani kwake wakikua utawakuta jalalani, sokoni na kwenye viwanja vya shule, na wanaoumwa nao ni watu wengine kabisa. Huduma ambayo faida yake kubwa inakwenda kwa jirani, mlipaji ataiahirisha, wala si kwa ubaya wa moyo: karo ya shule haisubiri, jike anasubiri.

Ushahidi ulio wazi zaidi katika jambo hili unatoka N'Djamena, mji mkuu wa Chad, nao unahusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Katika wilaya tatu za jiji hilo watafiti waliwatoza wenye mbwa dola 4.13 kwa kila mnyama. Mbwa waliochanjwa wakawa asilimia 24 tu, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ili maambukizi yakatike. Linaloshangaza zaidi ni hesabu ya fedha. Vituo, magari, matangazo na posho viligharimiwa, wenye mbwa waje wasije. Hivyo kila mbwa aliyechanjwa aligharimu wastani wa dola 19.40, mara tano ya gharama ya kampeni ya bure iliyokwisha kufanyika katika wilaya hizo hizo. Ada iliyokusudiwa kupunguza mzigo iliuongeza. Ikiwa sindano ya dakika moja iliwakimbiza watu kwa dola nne, upasuaji utawakimbiza mara ngapi?

Basi fedha zitafutwe kwingine. Jimbo la New Hampshire nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 1993: kila leseni ya mbwa ikaongezwa dola 2, fedha zikaingia katika mfuko wa pekee, na wanyama wa watu wanaopokea misaada ya serikali wakahasiwa kwa malipo madogo. Mpango huo ulisifiwa sana, na kwa haki, lakini una kasoro: mzigo unamwangukia anayetii sheria na kukata leseni, huku asiyekata akisalimika. Maryland ilikwenda mbali zaidi mwaka 2013. Huko anayelipa ni kampuni inayosajili chakula cha mbwa na paka kwa ajili ya kuuzwa jimboni. Ada ilianza na dola 50 kwa kila aina ya chakula, ikapanda hadi 100. Kampuni haiwezi kujificha uani, na karani hana haja ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Atasema mtu: mimi nimekwisha kumhasi mbwa wangu, kwa nini nilipie wa jirani? Kwa sababu mbwa wa jirani ndiye atakayekutana na mwanao njiani. Mwingine atasema cha bure hakithaminiwi. Hofu hiyo ina maana kwa kitu ambacho mtu anakwenda kukitumia nyumbani. Jike aliyekwisha kufungwa kizazi hatazaa tena, mwenyewe athamini asithamini. Pingamizi zito ni la uaminifu. Mtanzania anayekumbuka tozo ya miamala ya simu ya 2021 ana haki ya kuuliza fedha zitaishia wapi, na mfuko usiotangaza hesabu zake hadharani haustahili kutetewa.

Kwa miji yetu, Dar es Salaam au Nairobi, mbwa wengi hula makombo ya ugali na dagaa. Chakula cha mifuko kinanunuliwa na wenye uwezo. Hivyo tozo ya namna ya Maryland haitamgusa maskini, na hilo ni jema. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haitaleta fedha nyingi, na anayeahidi kumaliza mbwa koko wa jiji zima kwa tozo hiyo anadanganya. Wala kuhasi kusichukue fungu la chanjo. Lengo la dunia ni kumaliza vifo vya watu vinavyosababishwa na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kinachokata maambukizi ni sindano. Fedha za tozo zianze na majike, katika kata chache, siku ile ile mbwa wanapoletwa kuchanjwa. Ninawaomba madiwani waliomo ukumbini wasiandike sheria ndogo yoyote inayomdai mwenye mbwa fedha siku hiyo.