Vumbi Linalopotosha Umbali wa Nyota

Mwaka 1930, Robert Trumpler wa kituo cha kutazama nyota cha Lick, California, alipima umbali wa takribani vishada 100 vya nyota kwa njia mbili: mwangaza wa nyota zake, na upana wa kishada angani. Majibu yakapishana. Kwa kipimo cha mwangaza, vishada vya mbali vilitoka vikubwa kuliko vya karibu, na tofauti ikazidi kadiri umbali ulivyozidi. Maelezo ni vumbi lililo kati yetu na nyota, linalofifisha mwanga wake. Lakini kwa nini visiwe vikubwa kweli? Swali ni la haki, lakini linatutaka tuamini kwamba kila upande vishada hutanuka kwa kufuata umbali wake kutoka kwetu, kana kwamba Jua ndilo kitovu cha mpango wote. Hilo mimi silikubali. Tena upo ushahidi wa rangi, ambao kwangu ndio mzito zaidi: nyota za mbali huonekana nyekundu kuliko joto lake linavyoruhusu. Chembe ndogo za vumbi huzuia mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, ilhali umbali mtupu hauchagui rangi. Basi anayepima vishada ndani ya Njia Nyeupe kwa mwangaza, bila kukadiria vumbi, huvisogeza mbali kuliko vilipo.