Habari ya Rehani
Maneno ya katekista mbele ya makatekista wenzake na wazee wa vigango, siku za Jubilei, Agosti 2025



 Nimeagizwa kunena habari ya Jubilei kama ilivyo katika Maandiko Matakatifu, nami nilikubali upesi, kwa maana nilidhani ni neno jepesi. Sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi nimeifundisha mara nyingi. Lakini nilipoketi usiku kuyatengeneza maneno yangu, sura ile ilinigeukia ikanitazama. Basi mtanisamehe ikiwa mwisho wa hotuba hii haufanani na mwanzo wake.

Mungu aliwaamuru Waisraeli wahesabu miaka saba mara saba, ndiyo miaka 49, na mwaka wa 50 wautakase. Mwaka huo mtu aliyeuza shamba lake kwa umaskini alirudishiwa, na mtu aliyejiuza mwenyewe alirudi kwa jamaa zake. Tena angalieni jinsi shamba lilivyouzwa. Bei haikuwa bei ya udongo, ilikuwa bei ya mavuno. Mnunuzi alihesabu miaka iliyosalia hata Jubilei. Ikiwa mingi alitoa fedha nyingi, ikiwa michache alitoa kidogo. Nchi yenyewe haikuweza kuuzwa hata milele, kwa sababu mwenyewe ni Mungu, na wanadamu wote ni wageni waliokaribishwa kwake.

Na liko neno ambalo watu hulipita wakisoma. Baragumu la Jubilei halikupigwa siku ya ngoma na vyakula. Lilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, ndiyo Siku ya Upatanisho, watu walipofunga na kujinyenyekeza kwa ajili ya dhambi zao. Sisi tumezoea kuianza Jubilei kwa kushona vitenge na kuchinja ng'ombe. Sivikatazi vitenge, hata mke wangu amevaa leo. Lakini utaratibu wa Mungu ulikuwa mwingine.

Watu wa Iringa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kitu kilichotwaliwa kikakawia kurudi. Mtwa Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa yakafanya mapatano huko Versailles mwaka 1919, na katika kifungu cha 246 ikaandikwa kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu lile kwa serikali ya Waingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita! Wazee wetu walingoja hata tarehe 19 Juni 1954, ndipo Gavana Twining alipolileta Kalenga, akamkabidhi Mtwa Adam Sapi, mjukuu wake. Tangu kutwaliwa hata kurudi ni miaka 56. Hata Jubilei ya Musa ilikwisha kupita. Tunapolisimulia jambo hili hutikisa vichwa, tukisema mwenye nguvu hana haraka ya kurudisha. Ni kweli. Lakini mwenye nguvu si mgeni siku zote.

Kadhalika Papa Fransisko, ambaye Mungu alimwita tarehe 21 Aprili mwaka huu, alipoitangaza Jubilei hii aliyasihi mataifa tajiri yasamehe madeni ya nchi zisizoweza kulipa. Niliisoma habari hiyo kigangoni, watu wakapiga makofi, nami nikapiga pamoja nao. Mtu hupiga makofi kwa furaha anaposikia deni la mbali likisamehewa.

Sasa tufungue Kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Nehemia alirudi Yerusalemu kuujenga ukuta. Kazi ikiendelea, watu pamoja na wake zao wakalia kilio kikubwa, wala hawakuwalilia adui walio nje. Waliwalilia ndugu zao Wayahudi. Walikuwa wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, wapate nafaka wakati wa njaa, na wana wao walikwisha kuingia utumwani. Ninyi wa Mbeya mnakijua kilio hicho. Huko Kyela yuko mkulima achukuaye fedha kidogo siku ya shida, akiahidi kakao iliyo bado mtini, ndiyo njuli. Na Usangu mpunga huuzwa ungali majani. Mnunuzi hukopesha shilingi, akavuna magunia. Wala mara nyingi si mgeni kutoka mbali. Hukaa benchi moja nasi siku ya Jumapili.

Nehemia alikasirika, akafikiri moyoni, kisha akawagombeza wakuu. Lakini katikati ya maneno yake alitia neno moja ambalo mimi ningaliliacha. Alisema kwamba yeye naye, na ndugu zake na watumishi wake, wamewakopesha watu fedha na nafaka. Baada ya kujitia mwenyewe katika hesabu, ndipo alipowataka warudishe mashamba, na warudishe siku ile ile.

Ndugu zangu, hapo ndipo kalamu yangu iliposimama.

Kijijini kwetu tunalima mahindi ya mvua mlimani, na bondeni tuna vinyungu. Kinyungu hulimwa wakati wa kiangazi katika udongo wenye unyevu. Watu huinua matuta, hupanda mahindi, maharage na mboga, na mahindi yake mabichi hufika wakati ghala limekuwa tupu na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Mwenye kinyungu hapiti nyumba kwa nyumba mwezi wa Desemba akiomba debe. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Mungu alikataza mtu asitwae jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kutwaa uhai wa mwenzake. Kwetu jiwe la kusagia ni kinyungu.

Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi. Nia ilikuwa kulinda chakula, lakini bei huku kwetu ilianguka, watu wakakaa na magunia ndani na wadai mlangoni. Jirani yangu mmoja alikuwa amekopa kwangu shilingi 300,000 za mbolea. Mahindi anayo, mnunuzi hana. Akanijia, akasema, "Mwalimu, chukua kinyungu changu ulime, mpaka nitakapolipa." Hatukuandika neno. Wazee wetu wanasimulia jinsi Mapadri Wabenedikti walivyoondolewa nchini wakati wa vita, na Wakristo wa Tosamaganga wakabaki na walimu wao wa dini hata Mapadri wa Consolata walipofika mwaka 1919. Tangu zamani zile neno la Mwalimu limetosha vijijini, halihitaji karatasi. Heshima hiyo si mali yangu, niliikuta, nami niliitumia. Nilijiona mwenye huruma, kwa sababu sikumtoza riba.

Mwaka 2018 kinyungu kile kilinipatia karibu deni lote. Mwaka 2019 kikalimaliza, na ziada. Nikaendelea kulima. Tulipatana "mpaka nitakapolipa", naye hakuwa ameniletea fedha mkononi. Nikalishika neno lile kama Mafarisayo walivyoishika sheria. Kiangazi cha mwaka 2020 jirani yangu aliugua, akafa. Padre alikuwa safarini, kwa hiyo nilimzika mimi. Nilisoma sala kaburini, nikatupa udongo, na juma lililofuata nikashuka bondeni kumwagilia kinyungu chake.

Watu wakaanza kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wa madeni, hata Mwalimu wa dini hakumlipa. Maneno hayo yalinifikia zaidi ya mara moja. Nikanyamaza.

Majuma matatu yaliyopita nilikwenda kwa mjane wake asubuhi mapema. Nilimkuta uani akipura maharage. "Kamwene, Mama." "Kamwene, Mwalimu." Akanipa kigoda. Nilikuwa na daftari mkononi, nimejitayarisha kama Zakayo, nikamweleza kwamba nakirudisha kinyungu pamoja na mahindi yaliyomo, ambayo yamefika magotini, na kwamba nimehesabu mavuno sita nisiyostahili, nami nitatoa magunia kadhaa kuyafidia.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaweka ungo chini, akahesabu kwa vidole, mwaka hata mwaka. Akasema, "Ulivuna mara saba, Mwalimu. Ukitoa yaliyolipa deni, yanabaki matano, na kidogo. Sita si hesabu." Nikatazama daftari langu, yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nilikuwa nimesahau mwaka mmoja, kisha nikasahau kutoa deni lenyewe, na makosa hayo mawili yalikuwa yamekaribia kufichana.

Nikasema, "Kinyungu ni chako tangu leo."

Akajibu, "Kinyungu nimekipokea. Habari ya magunia nitasema na watoto. Lakini jina la mume wangu utalirudisha lini? Maneno yale yalisemwa kisimani, yakasemwa na mlangoni pa kanisa."

Sikuwa nimeliandika hilo katika daftari. Nikamwahidi kulisema Jumapili. Jumapili ikafika, nikasoma matangazo yote, ya zaka, ya ndoa, ya usafi wa makaburi, na nilipofika mwisho koo likanikauka, nikaketi. Jumapili ya pili ikawa vivyo hivyo. Mtu aweza kurudisha shamba kwa siku moja, na kwa neno akashindwa majuma mawili. Sikulijua jambo hilo mpaka liliponipata.

Kwa hiyo nalisema hapa, mbele ya Mapadri wangu na wenzangu wanaonijua. Jirani yangu hakufa na deni langu. Deni lake lilikwisha mwaka 2019, likilipwa na udongo wake mwenyewe, na tangu mwaka ule mdaiwa ni mimi. Jina lake nimekwisha kuwatajia kwa mdomo kabla ya hotuba hii. Wachapaji nawaomba wasilitie kitabuni. Ndivyo mjane alivyotaka, kwa maana, alisema, wanaopaswa kulisikia hawasomi vitabu vya Jubilei. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, nitalisema kigangoni, tena kabla ya matangazo, wala si baada yake.

Yeye nilimwalika leo, hakuja. Alisema mahindi yanataka kupaliliwa.